Hatua Tatu za Kurudi Nyuma

Jumatatu ile Yudith alifika kazini saa mbili kasoro, viatu vimelowa hadi soksi, akafungua mlango wa chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Harufu ya sabuni ya kufulia haikuwahi kukitoka. Ndani mlikuwa na meza, kiti kilichofungwa mguu mmoja kwa waya, na seva ya hospitali, sanduku jeusi lililopandishwa juu ya matofali manne ili maji ya masika yakipenya chini ya mlango yasilifikie. Hospitali ilikuwa ya kanisa, vitanda mia moja na ishirini, juu kidogo ya barabara ya kuteremkia Soni, na afisa TEHAMA wake alikuwa Yudith peke yake. Printa ya maabara ikigoma, anaitwa yeye. Daktari akisahau nywila, anaitwa yeye. Hata saa ya ukutani pale mapokezi ilipoishiwa betri, walimwita yeye.

Ilikuwa wiki ya pili tangu arudi kutoka msibani. Mama yake, Evelina, alikuwa amefia hapohapo hospitalini, wodi namba mbili, kitanda cha sita, wakamzika kwao Mlalo. Likizo ya msiba ilikuwa siku saba. Siku ya nane Yudith alipanda gari, akarudi, akakuta barua kumi na moja juu ya meza na kompyuta tatu zisizowaka.

Hajavua hata koti, Clemence akaingia bila kubisha. Clemence alikuwa mfamasia, mtu wa adabu zake, asiyeanza neno kabla hajakujulia hali ya nyumbani. Asubuhi ile hakumsalimu.

"Dada Yudith, twende kwenye chumba cha sindano. Kuna kitu hakiko sawa kwenye mfumo."

Pale alikuwepo mgonjwa mmoja, Bakari, mfanyakazi wa shamba la chai, mtu wa Kasulu. Panga lilikuwa limemkata mguuni, kidonda kikaingia uchafu. Tabibu alikuwa amefungua taarifa zake kwenye kompyuta, akatazama mstari wa aleji, ukasema hakuna, naye akaandika penisilini. Nesi alishavuta dawa kwenye bomba la sindano. Bakari, akiwa ameshajilaza kitandani, ndiye aliyeuliza ni dawa gani hiyo.

"Aliponitajia nikamwambia hapana," alimweleza Yudith, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda na mguu umenyooshwa. Hakuonekana mwenye hasira. "Hiyo mwaka juzi ilinivimbisha koo, nikalala hapahapa siku nne. Mliniambia nisichomwe tena maisha yangu yote. Mkaandika."

Waliandika kweli. Clemence alikuwa ametoa jalada lake la zamani la karatasi kule kabatini, na kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na wino mwekundu: penisilini, salfa.

Yudith aliangalia bomba la sindano lililokuwa bado kwenye sinia. Dawa nyeupe, kama maziwa yaliyochujwa. Alimwambia Bakari samahani. Bakari akasema hakuna neno, bahati tu kwamba aliuliza.

Alirudi chumbani kwake akaanza kuhesabu. Haikumchukua nusu saa kupata jibu, na jibu lilikuwa baya. Wagonjwa wenye aleji moja walikuwa sawa wote. Wenye aleji mbili au zaidi, wale ambao majina ya dawa zao yaliandikwa na alama ya mkato katikati, kompyuta ilisema hawana aleji yoyote. Walikuwa elfu moja na mia mbili na kitu.

Chanzo alikijua kabla hajakitafuta. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumamosi, alikuwa ameweka toleo jipya la mfumo. Mtengenezaji wake, kijana aliyeitwa Alen aliyekaa Dodoma, alikuwa amebadilisha muundo wa kanzidata, yaani jinsi majedwali yanavyopangwa na taarifa zinavyokaa ndani yake. Mabadiliko yenyewe yalikuwa matatu. La kwanza lilitengeneza jedwali jipya la aleji peke yake. La pili lilihamishia humo aleji zote zilizokuwa kwenye taarifa za mgonjwa. La tatu liliongeza safu mpya ya hali ya mgonjwa: amelazwa, ameruhusiwa, amehamishwa, amefariki. Alen alimtumia na karatasi ya maelekezo. Mstari wa kwanza ulisema afanye kwanza kwenye nakala, ahesabu aleji kabla na baada, alinganishe. Kazi ya saa mbili.

Jumamosi ile mama yake alikuwa akihema kwa shida tangu alfajiri. Yudith alisoma mstari wa kwanza, akauruka. Alifungua lile dirisha jeusi lisilo na vitufe wala picha, ambamo mtu huandika amri kwa mkono, mstari mmoja mmoja, akaandika amri ya kwenda mbele. Mabadiliko yote matatu yalipita chini ya dakika moja. Kwenye kioo ikaandikwa kwamba imekamilika. Akafunga mlango, akateremka wodini, akashika mkono wa mama yake mpaka jioni. Mama alifariki siku iliyofuata, watu wakiwa ibadani.

Alimpigia Alen. Mtandao ulikuwa unakatika, ikabidi atoke asimame kwenye ngazi za mbele, ambako ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye mashina ya mikaratusi.

"Mkato," Alen alisema baada ya kumsikiliza. "Dada Yudith, hilo ni kosa langu. Sikufikiria kama wangeandika mbili kwenye nafasi moja."

"Ningehesabu ningeliona," Yudith alisema. "Sikuhesabu."

"Basi tumekosa wawili. Sikiliza. Kila badiliko nililiandikia na njia ya kurudi. Utatumia programu ileile, amri ya kurudi nyuma, hatua moja kwa wakati. Utaanza na ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Ile safu ya zamani ya aleji sikuifuta, niliibadilisha jina tu, niliogopa kuifuta. Ukirudisha, itarudi na kila kitu kilichokuwemo."

Yudith aliegemea nguzo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliona miguu inamwuma.

"Ila kuna jambo," Alen akaendelea. "Chochote kilichoandikwa kwenye vile vipya kwa wiki hizi tatu kitaondoka navyo. Aleji mpya mtazichapa upya kwa mkono. Na ile safu ya hali nayo inaondoka. Wanaoruhusiwa si shida, vitabu vya wodi vinao. Shida ni waliofariki. Ukirudi nyuma, mfumo utawaona wapo."

"Wapo vipi?"

"Wapo hai. Na wenye kliniki watatumiwa ujumbe wa kukumbushwa. Orodha inachukuliwa na mtambo wa kutuma ujumbe kila siku saa kumi jioni, na mtambo hauko kwako, siwezi kukwambia uuzime. Uwe umeshawaandika wote kwa utaratibu wa zamani kabla ya hapo. Au ungoje mpaka kesho asubuhi."

Yudith alifikiria sinia na lile bomba la sindano. "Kesho ni mbali," alisema.

Mganga mkuu, Daktari Kristian, alikuwa ametoka kwenye chumba cha upasuaji, alama ya barakoa bado iko usoni. Alimsikiliza akiwa amesimama. Alitaka kujua mambo mawili tu. La kwanza, kama kuna mgonjwa yeyote aliyedhurika katika wiki hizo tatu. Clemence alikuwa ameanza kupekua, na mpaka wakati ule hakuwa amempata hata mmoja.

"La pili. Ulijaribu kwenye nakala kwanza?"

"Hapana, daktari."

"Kwa nini?"

"Mama alikuwa wodi namba mbili."

Daktari Kristian alivua kofia yake ya upasuaji. Ndiye aliyekuwa zamu Jumapili ile.

"Utaniandikia hilo," alisema. "Kama lilivyo, usiongeze na usipunguze. Sasa zima huo mfumo, nitamwambia Matroni."

Matroni alikuwa Klara, mama wa miaka hamsini na minane, ambaye alianza unesi wakati kompyuta ikionekana Tanga mjini tu. Hakuuliza maswali. Alitoa kadi za karatasi kwenye kabati, akazigawa kwenye madirisha ya kuandikishia wagonjwa, kisha akaenda kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, akawaeleza kwa Kiswahili, na wazee akawarudia kwa Kishambaa, kwamba leo tunaandika kwa kalamu na mambo yatakwenda polepole. Watu walisogeza miavuli yao, wakakaa. Walishazoea mambo kwenda polepole.

Kufikia saa sita Yudith alikuwa amechapisha orodha mbili. Ya aleji mpya ilikuwa na mistari themanini na saba. Ya waliofariki ilikuwa na majina kumi na tisa. Hii ya pili hakuisoma, aliigeuza chini, akaiwekea kikombe juu.

Safari hii alitengeneza nakala. Alifungua dirisha jeusi, akaelekeza programu kwenye nakala ile, akaandika amri ya kurudi hatua moja. Ikarudi. Akaandika tena, na hapo programu ikakataa. Ilimtupia mistari ishirini ya maneno mekundu ya Kiingereza, na ilimbidi asome mara tatu ndipo aelewe. Kabla ya kuziondoa aleji za jedwali jipya, njia ya kurudi ilijaribu kwanza kuyabana maneno yake yaenee kwenye nafasi ya zamani, na kuna mahali maneno yalizidi nafasi. Alitafuta maneno hayo. Nesi mmoja, wiki iliyopita, palipotakiwa jina la kitu alikuwa ameandika: mgonjwa anasema akila dagaa anaonunua Mombo anawashwa mwili mzima lakini dagaa anaoletewa na dada yake kutoka Tanga hawamdhuru na mume wake naye anathibitisha jambo hili.

Yudith alicheka kidogo, peke yake. Hakukumbuka lini alicheka mara ya mwisho. Akafuta, akaandika: dagaa. Akatengeneza nakala nyingine, akaanza upya, na hatua zote tatu zikarudi. Akahesabu aleji. Akalinganisha na bakapu, ile nakala ya akiba, ya mwezi uliopita. Zilikuwa sawa, mpaka ya mwisho.

Saa nane na robo alifanya kwenye kanzidata yenyewe. Hatua ya tatu, ikarudi. Ya pili, ikarudi. Kabla ya kubonyeza ya kwanza alifuta viganja kwenye sketi. Jumla ya yote ilikuwa sekunde tisa. Alimtafuta Bakari kwenye mfumo, na pale penye mstari wa aleji pakawa pamesomeka penisilini, salfa, kama ilivyokuwa siku zote kabla hajaiharibu. Alimpigia Clemence aje ajaribu wengine. Clemence alijaribu arobaini. Safari hii alikumbuka kumwuliza hali ya nyumbani.

"Tupo," Yudith alijibu.

Aleji themanini na saba alizichukua Clemence, akaenda kuzichapa kule famasia. Yudith akabaki na karatasi iliyokuwa chini ya kikombe.

Utaratibu wa zamani ulikuwa wa kizamani kweli. Ulimfungua mgonjwa, ukaenda ukurasa wa pili, ukaweka alama kwenye kisanduku cha amefariki, ukaandika tarehe, saa na sababu, ukahifadhi. Mzee wa miaka tisini wa Bumbuli. Mtoto wa siku mbili ambaye hakuwa amepewa jina, ameandikwa kwa jina la mama yake. Mwanamke aliyeteleza na mzigo wa kuni. Dereva wa lori la kabichi. Kwa kila mmoja alifungua, akaona maandishi yakisema amelazwa, anaendelea na matibabu, akaweka alama, akahifadhi. Alifanya polepole kwa sababu hakutaka kukosea tena, na alipofika wa tisa alimruka, akaenda wa kumi.

Saa tisa na dakika hamsini alikuwa amemaliza kumi na wanane.

Alimfungua huyo mmoja aliyebaki. Evelina, mwanamke, miaka sabini na moja, presha na moyo. Wodi namba mbili, kitanda cha sita. Amelazwa. Anaendelea na matibabu. Kliniki ya presha, Alhamisi. Simu ya ndugu wa karibu ilikuwa namba ya Yudith mwenyewe.

Aliweka kidole kwenye kipanya. Kisanduku kilikuwa pale, kidogo, cheupe. Jumapili ile neno amefariki hakuliandika yeye, aliliandika nesi wa zamu kwenye ile safu mpya, na yeye hakuwahi kuliona likiandikwa. Alijiambia abonyeze. Aliketi akakitazama. Nje mvua ilianza tena kwenye bati, nyepesi kwanza, kisha nzito. Hakuwaza jambo lolote hasa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyeuweka pale mezani akaondoka.

Simu ilitetemeka saa kumi kamili.

Ndugu Evelina, unakumbushwa kuhudhuria kliniki ya presha siku ya Alhamisi saa mbili asubuhi. Njoo na kadi yako. Karibu.

Aliusoma ujumbe mara moja. Akailaza simu mezani, kioo kikiwa chini.

Klara alimkuta hivyo alipoleta chai kwenye chupa. "Watu wanauliza warudi kwenye kompyuta au waendelee na kadi," alisema, kisha akamwona. Akaweka chupa chini.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Tulishasalimiana asubuhi, mwanangu. Kuna nini?"

"Wanaweza kurudi. Kila kitu kiko sawa. Nimebakisha mmoja tu."

Klara alizunguka meza, akavaa miwani iliyoning'inia kifuani, akasoma jina kwenye kioo. Hakusema pole. Pole alishaitoa kule Mlalo, alikwenda na manesi wanne, wakakesha na wafiwa. Alivuta ndoo ya plastiki iliyokuwa pembeni, akaigeuza, akaikalia.

"Sogea," alisema. "Mimi nitachapa. Wewe nisomee."

"Matroni, wewe unachapa kwa kidole kimoja."

"Kinatosha."

Yudith alisogea. Klara aliutafuta mshale wa kipanya kwenye kioo, ukampotea, akaupata, akaupeleka kwenye kisanduku, akabonyeza. Alama ikatokea.

"Tarehe."

Yudith akaisoma kutoka kwenye karatasi. Klara alitafuta tarakimu moja baada ya nyingine.

"Saa."

"Saa nne na dakika ishirini asubuhi."

"Sababu."

Yudith akasoma sababu ya kwanza, na ya pili. Neno la mwisho alilisoma mara mbili. Klara aliandika herufi kwa herufi, akarudi nyuma kufuta moja iliyokosewa, akaandika tena. Kazi ambayo Yudith angeimaliza kwa nusu dakika ilichukua dakika sita. Alifurahi kwamba ilichukua dakika sita.

"Nilifanya haraka siku ile," Yudith alisema, Klara akiwa bado anatafuta kitufe cha kuhifadhi. "Nilitakiwa kukaa hapa saa mbili kujaribu. Sikukaa, nikaja wodini. Yule mtu wa chai angekufa leo."

"Hakufa."

"Angekufa, Matroni."

Klara alihifadhi. Alivua miwani. "Mama yako Jumamosi jioni alikuwa bado anaongea," alisema, sasa kwa Kishambaa. "Nilipita nikamsikia. Alikuwa anakuuliza kama umekula."

"Nilimdanganya. Nikamwambia nimekula."

"Basi," Klara alisema, akammiminia chai. Alimngojea amalize kikombe, akachukua chupa yake, akaenda kuwaambia watu wa madirisha warudi kwenye kompyuta.

Taarifa kwa Daktari Kristian aliiandika kesho yake, ukurasa mmoja na nusu, kama ilivyokuwa. Clemence alimaliza kupekua siku ya Jumatano. Katika wiki tatu zile wagonjwa watatu walikuwa wamepewa dawa wasiyotakiwa kupewa. Wawili haikuwafanya kitu. Wa tatu, mama mmoja mwenye duka Soni, alitokwa na vipele wiki nzima akidhani ni viroboto. Yudith alikwenda dukani kwake na daktari, wakamwomba radhi. Yule mama alikasirika, akasema maneno makali mbele ya wateja, na Yudith aliyasikiliza yote mpaka yakaisha.

Barua ya onyo ilitoka Ijumaa. Aliisaini, ikawekwa kwenye jalada lake. Chini ya saini yake Daktari Kristian alikuwa ameandika kwa mkono kwamba hospitali itafute mtu wa pili wa TEHAMA, na kwamba afisa aliyefiwa asipewe kazi ya aina hiyo peke yake. Mtu wa pili hakupatikana mwaka huo. Bajeti haikuruhusu.

Alen alirekebisha kosa la mkato akatuma mabadiliko mapya baada ya wiki mbili. Yudith alimjibu kwamba si kabla ya Julai, na Alen hakubishana. Julai ilipofika walifanya kwa siku mbili, kwanza kwenye nakala, Clemence amekaa upande mmoja na Klara upande wa pili kwenye ndoo, wakihesabu kwa sauti.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Jumapili ya wiki ile ya Mei, Yudith hakwenda ibadani. Kengele ililia ya kwanza na ya pili akiwa amelala, na ibada ilipotoka mzee wa kanisa alipita kwake kuuliza kama anaumwa, maana, ukiacha siku za msiba, hajawahi kuona kiti chake kitupu. Yudith alifungua dirisha, kitenge kimemfunika hadi mabegani.

"Siumwi, mzee," alisema. "Nimechoka tu."

Mzee akasema basi alale. Naye akafunga dirisha, akarudi kitandani.